Mafunjo ya Nyuma ya Kiwanda

Walinzi wenzake walimwita Filimbi, maana hakuwa mtu wa kupayuka; ukisikia filimbi yake, ujue umeshaonekana. Alilinda kinamasi cha nyuma ya kiwanda cha rangi. Kwa miaka mingi maji machafu ya kiwanda yalimwagwa humo, hata vyura wakaisha. Alipokuja meneja mpya, akachimba mabwawa ya kuchujia maji, akapanda mafunjo upya, akazungusha uzio. Ndege wakarudi. Filimbi akavimba kichwa, utadhani kawaleta yeye.

Asubuhi moja alimkuta shangazi yake ndani ya uzio, mundu mkononi, anakata mafunjo ya kusukia mikeka. Shangazi huyo ndiye aliyemlea Filimbi baada ya mama yake kufariki.

"Shangazi, toka. Wakikuona hapa, kazi sina."

"Nikakate wapi, mwanangu? Kule chini mtoni kumebaki matope matupu."

"Sijui. Ila hapa hapana."

Akamnyang'anya mundu. Shangazi akamtazama, akacheka kidogo. "Haya, bosi," akasema, akaondoka mikono mitupu.

Siku chache baadaye shangazi aliteremka mtoni, nje ya uzio, walikokimbilia wote waliofukuzwa kinamasini. Walikuwa wamekata hadi mizizi, kingo zimebaki uchi. Udongo ukameguka chini yake. Akaanguka, akavunjika nyonga. Alilala kitandani wiki kadhaa, kifua kikambana, akafa.

Meneja alikuja msibani. Filimbi akamvuta pembeni.

"Bosi, nilimfukuza mimi, kwa amri yako. Wenzake bado wako kule mtoni."

Meneja akainamisha kichwa. Kesho yake aliteremka mtoni kwa miguu, akajionea.

Mvua zilipoanza, kiwanda kilitoa miche ya mafunjo na kuwaajiri wasusi wa mikeka waipande kwenye kingo, hadi mbali na mipaka yake. Ndani ya uzio wakaruhusiwa kukata kwa zamu: upande huu ukikatwa, ule unapumzika, na penye viota hapaguswi. Mto ukaanza kusafika. Watu wakakisifu kiwanda.

Filimbi alitamani kuacha kazi, lakini watoto walikuwa wanasoma. Siku za zamu yeye ndiye hufungua lango. Wasusi huingia wakipiga soga, na wakimfikia hunyamaza.

"Shikamooni, mama zangu," huwaamkia.

Hupita. Naye husimama kando, ameshika kufuli, mpaka wa mwisho aingie.