Nilimzika mjukuu wangu bila sala, kumbe haikuandikwa popote

Wakuu wa humu, shikamoo zenu nimeshazipokea. Mie ni bibi, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayekuja kunisahihisha herufi apite tu. Haya yamenitokea mwenyewe, na hayanipambi.

Nakaa Gongo la Mboto.

Miaka sita iliyopita binti yangu Neema alijifungua mtoto wa kiume, akaja kwangu nimlee uzazi. Siku ya tano mtoto akakataa ziwa. Ya sita, asubuhi, akafia mapajani kwangu.

Hakuwa amebatizwa.

Mie nilikuwaga kiongozi wa akina mama kanisani. Sie tulilelewa hivi: mtoto asiyebatizwa haombewi, hapewi jina, hawekewi msalaba. Wanawake wanne tunambeba kwenye khanga, tunafukia, tunarudi kupika. Na mama mtu asilie, eti atafunga kizazi.

Neema alinishika gauni. "Mama, hata Baba Yetu moja tu."

Nikamwambia, "Nyamaza. Unataka kunifundisha dini mimi?"

Sikuomba. Kule makaburini sikuacha hata jiwe.

Alipotoka arobaini alirudi kwake Mwananyamala. Hajakanyaga kwangu tena. Simu anapokea, "Shikamoo mama, sie wazima," anakata.

Sasa mwaka jana jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyejisomea Kiebrania, akaanzisha darasa barazani kwake. Ishu yake ni moja: kutenganisha kilichoandikwa tangu mwanzo na kile ambacho watu wa dini waliongeza baadaye.

Nilienda kumpinga, nisiwafiche. Nikamuuliza mbele ya watu, "Na hawa watoto wasiobatizwa, mbona unawaruka?"

Akasema, "Bibi, nionyeshe wewe palipoandikwa wasiombewe."

Mmoja nyuma akacheka, "Leo bibi kapatikana!"

Mwalimu akafungua habari za mfalme Daudi. Mtoto wake aliugua, akafa siku ya saba. Akatueleza kwamba Waebrania walitahiri siku ya nane, kwa hiyo huyo, kwa anavyosoma yeye, alikufa bila alama yoyote ya dini. Lakini baba yake alisema atamfuata huko alikokwenda. Hakusema mtoto kapotea.

Sikumaliza darasa.

Nikaenda Mwananyamala, nikamkuta Neema anafua uani. Nikamweleza yote, mpaka ya Daudi. Nikamwambia, "Twende makaburini tukamwombee."

Akakamua nguo. "Tukamwombee wapi, mama? Nimeshaenda mara tatu. Pale pamezikwa watu wengine."

Nikamuuliza kama alimpa jina.

"Nilimpa."

"Anaitwa nani?"

Akaanika ile nguo, akainyoosha kwenye kamba. "Hilo la kwangu. Wewe ulisema hana."

Nikachukua mkoba wangu nikaondoka, na hakunisindikiza.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujamkataza mtu kumlilia mtoto wake, uliza imeandikwa wapi na nani kaiweka. Mie nimeuliza baada ya miaka sita. Na hata ingekuwa imeandikwa, siku hizi najiuliza ningekosa nini kwa Baba Yetu moja.

Mliopitia haya semeni, nasoma zote. Na wanaoijua dini kuliko mimi nao waseme, ila waje na ukurasa.