Khalayi na Mkwewe Katika Safu Moja

Jirani yangu Khalayi hufuma sweta za shule kwa mashine, hapa Umoja, Nairobi, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na mumewe, karani wa reli. Tangu Seth Okoth amwoe bintiye Jacky, Khalayi hakuwahi kumpa mkono wala kusema naye ana kwa ana. Seth akija, alikaa karibu na mlango. Khalayi alikuwa jikoni, na maneno yote yalipitia kwa Jacky. Siku moja alimwona kwenye bucha la Soko la Burma. Akageuka, akarudi nyumbani bila nyama, akapika sukuma wiki.

Hiyo ndiyo heshima ya Wabukusu kati ya mama na mume wa bintiye. Kwetu Murang'a pia tulikuwa nayo, kabla watu hawajaanza kukumbatiana kanisani kama wachezaji waliofunga bao.

Mwaka jana Jacky alijifungua kwa upasuaji huko Mombasa, wanakoishi. Seth, aliyekuwa amekuja Nairobi kikazi, akaambiwa arudi na mama mkwe kwa ndege. Khalayi alimpigia Jacky akatoa sharti moja: kijana akae mbele, yeye nyuma kabisa. Jibu likaja upesi kwamba Seth amekubali.

"Mama Jacky," nikamwonya, "mkwe anayekubali haraka hivyo, mwangalie."

"Namwangalia, Baba Wacera. Ana upole mwingi mno yule."

Ndani ya ndege, kama Khalayi alivyonisimulia baadaye, mhudumu mmoja, Kate, alimwonyesha kiti chake. Dirishani palikuwa na bwana mnene aitwaye Kimani. Katikati alikuwa Seth, magoti yamembana. Kiti cha Khalayi kilikuwa bega kwa bega na Seth.

Hakukaa. Watu wakajazana nyuma yake na mizigo.

"Huyu ni mkwe wangu," akamwambia Kate. "Siwezi kukaa naye."

"Lakini shosho, nyinyi ni familia! Wenzenu wananililia niwaweke pamoja."

Khalayi akamwomba Kimani ahamie katikati, Seth aende dirishani. Kimani akashika kiti kwa mikono miwili.

"Mathe, hiyo janja naijua. Nikisogea tu, dirisha limeenda."

Kate akauliza nani mwingine atabadilishana. Vichwa vyote vikazama kwenye simu.

"Mama, si mimi niliyechagua viti," Seth akasema, akitazama sakafu.

Khalayi akamgeukia Kate. "Muulize, basi ni nani? Shetani?"

"Ni Jacky. Alichagua kwa simu, akiwa kitandani."

Khalayi akampigia bintiye palepale. Huyo alimlea mwenyewe, anaijua mila yote.

"Ndiyo, Mama, ni mimi," Jacky akasema, sauti imechoka. "Nyumba yetu ni chumba kimoja na sebule. Siwezi kuinama, siwezi kumbeba mtoto. Kama huwezi kukaa na Seth kwa safari fupi hivyo, hapa utakaa naye vipi? Basi shuka, nitatafuta mtu mwingine."

Khalayi aliutazama mlango. Ulikuwa bado wazi. Kisha akajitanda leso mpaka mdomoni, akakaa, akaugeuza uso upande wa njia. Mkanda alifungiwa na Kate.

Hakuwaamini hata mmoja wao. Seth alipovuta pumzi, Khalayi alidhani anamcheka. Alipomwona amefumba macho, alijua anajifanya amelala ili amsukume kwa kiwiko.

Walipoingia mawinguni ndege ikaanza kudunda. Seth akapapasa mfuko wa karatasi mbele yake, akaukosa, akatapika juu ya viatu vyake na kwenye suruali ya Kimani.

"Wee kijana!" Kimani akapiga kelele. "Si ungesisitiza tubadilishane!"

Kutapika mbele ya mama mkwe! Seth akaufunika uso kwa mikono, akatapika tena, machozi yakimtoka. Hapo Khalayi akaivua leso, akamshika paji la uso kwa kiganja, akamfuta mdomo.

"Tapika yaishe, baba," akamwambia.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mkwewe bila mtu wa katikati.

Alikaa Mombasa mpaka mshono wa Jacky ukapona, akila na Seth meza moja, wakipokezana mtoto. Aliporudi, nilimwambia kwamba hata kutapika mtu anaweza kupanga.

"Na viatu vipya vile, Baba Wacera?" Akacheka mpaka uzi ukamkatikia.

Mimi sikucheka. Siku hizi Seth akipiga simu humwita "Mathe," kama vijana wa mtaani wanavyowaita mama zao, naye Khalayi huitika kwa furaha, na hakuna anayemwona amekosea. Jacky amempata mama wa kumsaidia, nami sikatai kwamba alimhitaji. Lakini aliyefungua mlango huo kwa hila akiwa kitandani, atafungua na mwingine. Nangoja nione watamheshimu hadi lini.