Mwalimu Musyoka Anunua Mashine ya Santuri

Mwalimu Musyoka wa Garissa ni mtu wa mipango. Kwanza alinunua spika mbili zenye kimo cha ndama wa ngamia, kisha amplifaya iliyomeza akiba ya miaka minne. Ndipo alipokumbuka kwamba hana mashine ya kuchezea santuri, naye alikuwa na santuri moja tu duniani: ile ambamo marehemu baba yake aliimba kiitikio. Hakuwahi kuisikia.

Kwa busara hiyohiyo alikwenda sokoni kwa Rukiyo, muuza vyombo vya mitumba, akamweleza shida yake na kuomba mashine ya bei ya chini kabisa. Macho yake yakatua kwenye mashine nyekundu yenye taa.

"Hii inapendeza, mama."

"Mwalimu, unaoa ama unanunua?" Rukiyo, binti wa wafugaji, alicheka. "Kwetu ngamia halipiwi kabla hajasimama na mzigo."

Akaweka kikombe chake cha chai juu ya sahani ya kuzungushia santuri ya ile nyekundu, akaiwasha. Chai ikarukaruka hadi ikamwagikia taa. Akakihamishia kikombe kwenye mashine kuukuu ya kijivu, yenye sura ya tangi la maji. Ikazunguka, chai ikatulia.

"Wallahi, ile nyekundu ingelima santuri yako kama shamba."

Musyoka akabeba ile ya kijivu yenye sura mbaya. Jioni hiyo spika zake za kifahari ziliutangazia mtaa mzima siri iliyofichwa na familia miaka thelathini: mzee hakujua kuimba. Musyoka akafuta machozi, akairudisha sindano mwanzo, akaongeza sauti.