Plasta ya Cyril

Kabla ya chai Enid Preece alishuka ngazi kwa ubavu, maana ngazi ile imepinda na goti lake nalo halimtii. Akaufuta ukuta wa mbele kwa kitambaa, toka dirishani hadi mlangoni, akakikamua kwenye ndoo, akaanza upya. Miaka ishirini na sita anaufuta ukuta ule, na bado unalia.

Ni nyumba ya zamani, pale Ludlow, mji mdogo wa Uingereza, kwenye mtaa wa kuteremka mtoni. Nguzo na boriti ni za mwaloni, katikati yake fito zilizokandikwa udongo, na ghorofa ya juu imetokeza barabarani. Sasa ukuta wa mbele ulikuwa umefura tumbo. Barua ya halmashauri ilisema utengenezwe kabla ya baridi, la sivyo mama mwenye nyumba ahamishwe.

Marehemu mumewe, Cyril, alikuwa na jawabu lake juu ya ule unyevu. "Ni wewe na birika lako, Enid. Unachemsha mpaka nyumba inatoka jasho."

Enid alimwamini. Akawa anapika madirisha wazi hata mwezi wa Januari, na nguo mbichi anazipandisha kilimani kwa dada yake akazianike huko. Binti yao Glenys alikohoa tangu mchanga, na usiku kucha Enid alimpakata kifuani akijiambia: ni mimi ninayemuumiza mwanangu.

Fundi Gough, seremala, alifika saa tatu na Glenys akiwapo. Akaugonga ukuta kwa vidole, akasikiliza.

"Nani alipiga plasta ya saruji hapa, ndani na nje?"

"Mume wangu," Enid alisema. "Mwaka wa sitini na moja. Alimaliza likizo yake yote hapo. Mtaa mzima ulikuja kumpongeza."

"Si yeye peke yake, hata baba yangu aliipiga saruji. Nusu ya mji huu ni kazi yake." Gough akachuchumaa, akachoma bisibisi kwenye boriti ya chini. Ikazama mpaka mpini, kama kisu ndani ya keki. "Unaona? Udongo na chokaa vinapumua, Bi Preece. Saruji haipumui. Maji yakipenya kwenye ufa hayatoki tena, yanakaa humo yanakula mti."

Enid akakishika kile kitambaa kwa mikono miwili. "Na mvuke wa birika?"

"Birika gani?"

"Ninapochemsha maji."

"Mama yangu, hata ungechemsha mto mzima, hili usingelifanya wewe."

Enid akaketi kwenye ngazi. Alitafuta hasira akaikosa. Hasira nayo inataka nguvu.

"Mama, achana na hili banda," Glenys alisema. "Kule kwenye nyumba za wazee kuna joto la mabomba ya maji moto."

"Kifua chako kile, Glenys. Hakikuwa birika langu."

"Nani alikwambia ni birika?"

"Baba yako."

"Ah, baba! Baba alimlaumu hata paka mvua ikinyesha."

Gough akakohoa kidogo. Alisema nyumba itasimama miaka mingi, ila sharti akate mbao zilizooza, aunge mwaloni mpya, akandike upya kwa chokaa. Na plasta yote ya Cyril itoke. "Nikianza hakuna kurudi nyuma. Ni kazi ya marehemu, ndiyo maana nauliza."

Enid aliitazama mistari ya mwiko wa mumewe, iliyonyooka vizuri sana.

"Ibomoe," akasema. "Nitalala chumba cha nyuma. Sihami."

Nyundo ikaanza. Vipande vizito vikaanguka barabarani kimoja kimoja, na mwanga ukapenya kati ya fito hadi miguuni pake.

"Mama, unalia?"

"Nimechoka tu, mwanangu. Nyamaza kidogo nisikie vinavyoanguka."