Bihogo, Gari la Baba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huisukuma sahani kando. Ni siku niliyovuka mpaka wa Gisenyi kwenda Goma kulitafuta gari la baba yangu, gari nililoliuza mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, shati limepigwa pasi, na kiburi cha kuwatosha watu wanne. Mwenzio akinyolewa, zako tia maji, kwa hiyo nisikilize hadi mwisho hata kama simulizi hii haina kicheko.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 404, pikapu ya rangi nyekundu iliyoelekea kahawia. Baba aliliita Bihogo, jina tunalowapa ng'ombe wa rangi hiyo. Alilinunua uhamishoni Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa, na ndilo lililoturudisha Rwanda: watu sita, magodoro, na mbuzi mmoja aliyelia njia nzima. Tulipofika Gisenyi macho ya baba yakaanza kuingia ukungu, akashindwa kuendesha. Akanipa funguo kwa neno lile lile ambalo wazee wetu hulitumia wanapompa mtu ng'ombe: “Nimekugabira.” Na ng'ombe wa kugabirwa, mwanangu, humwondoi zizini kabla ya kumwambia aliyekupa.

Mimi sikumwambia. Nilikuwa nimepata kazi Kigali, nina marafiki wapya, na nilionea haya moshi wa Bihogo. Nikamuuzia mfanyabiashara mmoja wa Goma, Mkongo anayejua Kinyarwanda vizuri, tukamalizana kwa nusu saa. Baba aliposikia aliniuliza, “Uliniambia?” Nikashika njia ya Kigali. Naye hakulitaja tena gari hilo kwa miaka minne.

Alilitaja alipougua. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Upande wake mmoja ulikuwa umekufa ganzi na maneno yalitoka kwa shida. Nilikuja kutoka Kigali kumuuguza, nikamuuliza kama kuna kitu anakitamani. Nilitarajia aseme maziwa. Akasema anataka aketi ndani ya Bihogo, afungiwe mlango, asikie injini ikiunguruma, basi. Niliona aibu kubwa, mwanangu, nikaapa nitalileta.

Dada yake baba, shangazi Verediana, alikuwa anauza nyanya Goma kila siku. Yeye na baba walitenganishwa na ukimbizi tangu utotoni: baba alipelekwa Tanzania, yeye akakulia Masisi, Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Nyumbani tulizungumza Kinyarwanda, lakini akitaka kunitania alinisemesha Kiswahili chake, nami nilimcheka hadi machozi. Asubuhi ile akaweka kapu lake chini akaniambia, “We mutoto, twende sote. Kule maneno iko na njia yake.”

“Shangazi,” nikamjibu, “Kiswahili nimekinyonya kwa mama. Wewe nenda kauze nyanya zako, zisije zikaoza.”

Akaguna, akajitwika kapu lake, akaenda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu mimi lilivunjika kabla ya saa sita mchana.

Jina la yule mfanyabiashara na mtaa wake nilikuwa nao kwenye karatasi. Nilifika kwenye geti la mabati, ua umezungushiwa mawe meusi ya volkano. Mke wake alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Nikampa shikamoo yangu ya Karagwe, akacheka kidogo akanijibu, “Jambo yako, papa.” Mumewe alikuwa amesafiri Walikale. Hakunijua, nami sikujitambulisha, nikaingia moja kwa moja kwenye haja yangu kama karani.

“Ile Peugeot nyekundu, mliiuza?”

Uso wake ukabadilika. “Eeh, tuliuza. Tuliuza muzuri, bila matata. Karatasi zote ziko.”

Nikauliza, “Mliuza kwa nani?”

“Kwa kijana mumoja wa Gisenyi. Bwana yangu ndiye anamujua.” Kisha akaacha mchi akafungua geti zaidi. “Ingia kwanza, papa, ukunywe hata mayi.”

Nikakataa. Nilikuwa na haraka ya kurudi Gisenyi kumsaka huyo kijana. Hata asante niliisema nikiwa nimeshageuka.

Mwanangu, nilimtafuta kijana huyo siku kumi na moja. Niliuliza gereji zote, niliuliza wauza vipuri, nilikwenda Cyanzarwe na Kanzenze. Kila nikirudi baba alinitazama mikono kwanza, kuona kama nimeshika funguo. Nilimwambia, “Bado kidogo, baba.” Siku ya kumi na moja mtu aliniambia kuna pikapu nyekundu inayobeba viazi huko Bugeshi. Nikapanda kule kwenye baridi, nikaikuta, ilikuwa Toyota. Niliposhuka mchana, nyumba yetu ilikuwa imejaa watu, na wanawake walikuwa wamekaa chini. Baba alikuwa amekata roho asubuhi ile, mwanawe akiwa anakagua gari la viazi.

Baada ya mazishi, katika siku za kukaa matanga, shangazi, niliyekuwa nikimkwepa siku zote zile kwa aibu, aliniuliza huko Goma niliambiwa nini hasa. Nikamrudishia maneno yote kama yalivyotoka. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

“Yesu wangu! We mutoto, kule ‘kuuza’ ni ile munaita kununua! Yenye munaita kuuza, sisi tunasema kuuzisha. Ule mama alikuambia walinunua, na walinunua kwa kijana wa Gisenyi. Huyo kijana ni we!”

Nilikuwa nimezunguka siku kumi na moja nikijitafuta mwenyewe.

Tulivuka naye kesho yake. Yule mama alitufungulia, akatupeleka nyuma ya nyumba, na Bihogo alikuwa pale, amefunikwa turubai, hatua ishirini kutoka geti niliposimama siku ile. Kuku alikuwa ametaga kwenye bodi. Shangazi akamweleza habari za mgonjwa na za msiba. Mama yule akanigeukia, bila hasira.

“Papa, mbona haukusema iko mugonjwa?” akaniuliza. “Mi niliwaza unakuja na matata ya karatasi. Bwana yangu na dereva walirudia kesho yake, toka Walikale. Tungemuletea mzee siku ile ile, bure. Inatembea muzuri.”

Nilifungua mlango nikaketi upande wa abiria, pale ambapo baba angeketi, nikalia mbele ya kuku na watoto wa watu. Gari sikulinunua. Ningelipeleka kwa nani?

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, nami mjukuu huyo nimemlea kwa zaidi ya miaka ishirini. Basi shika haya, mwanangu. Usicheke namna mtu anavyosema. Unayemcheka ulimi ndiye anayejua njia ya kwao. Neno likiwa zito kwako, uliza mara mbili, na mara ya tatu uombe kuoneshwa, kwani kuuliza si ujinga. Ukikaribishwa ndani, ingia, unywe hayo maji, maana mambo mengi ya watu hayasemwi getini. Na ukiwa na shida ya mzazi, itaje kabla ya yote, usione haya. Watu ni wema kuliko tunavyowadhania, ila hawawezi kukusaidia jambo ambalo hukulisema. Alichokupa mzee kwa mkono wake usikiachilie bila kumwambia, hata kama kinatoa moshi.

Mimi nilishachelewa. Wewe bado unao wazee walio hai, na bado wanakuomba vitu vidogo. Nenda ukawape. Mungu akupe subira ya kusikia hadi mwisho wa neno, akupe miguu ya kufika kabla ya kilio, na siku utakapolala kitandani ukimwomba mwanao jambo dogo, akuletee jua likiwa bado halijatua.