Saa ya Kampala kwenye Bariyeri

Ilisemwa kwamba Melchior alimuua muke wake kwa kuchelewa. Haikusemwa pembeni. Kambere, shemeji yake, alisema mbele ya moto wa kilio, kule Vulamba, watu wote wakisikia.

"Bariyeri inafungwa saa kumi na mbili ya jioni. Hata mutoto anajua. Weye ulifika nyuma, shemeji. Dada yangu amekufa njiani kwa sababu yako."

Melchior alisukuma kuni motoni. Si mutu wa maneno.

Alikumbuka vizuri. Walitoka Kalunguta alfajiri, vijana wanne wamebeba kipoyi mabegani, muke wake Kavira amelala juu yake, tumbo limekaza kama ngoma. Gari hakuna. Ilikuwa vita, magari yalikuwa ya wenye bunduki. Walipofika kwenye mti uliokata njia ya kuingia Butembo, jua lilikuwa lingali juu ya vilima. Kando ya njia mama mmoja alikuwa bado anageuza muhogo wake ukauke. Askari mmoja kijana, Octave, akashusha ule mti mbele yao.

"Ekangami, papa. Imefungwa. Mutapita kesho."

"Kesho? Jua si hili hapa?"

"Saa ya chef, mukubwa wetu, imefika."

Walibembeleza. Walipiga magoti. Hospitali ilikuwa pale ng'ambo, bati zake zinaonekana. Kavira aliomba maji, akanywa kidogo. Kesho yao ilipofika, haikumkuta.

Sasa aliyechelewa ni nani?

Walipokwisha kumzika, Melchior alikwenda kwa mwalimu Apollinaire, mutu wa Kasai. Serikali ilimtuma huku zamani kufundisha jeografia, kisha mshahara ukamsahau.

"Mwalimu, miye sikusoma. Niambie. Jua likiwa juu, saa kumi na mbili ya jioni inatoka wapi?"

Apollinaire alimtazama. Akaokota kipande cha makaa, akachora sakafuni. "Hapa ni sisi. Huu ni mulima Ruwenzori. Nyuma yake Uganda, na Kampala kule mbele. Saa ya Kampala inatutangulia kwa saa moja. Chef wa bariyeri alijifunzia vita kule. Hajarudisha nyuma montre yake ya mkononi."

"Wana jua lingine?"

"Ni lile lile, muzee. Serikali ndiyo inachagua saa."

"Saa inachaguliwa? Kama kitenge sokoni?"

"Ndiyo hivyo."

"Na Kigali?"

"Kigali ni saa yetu."

"Na Kinshasa?"

"Kinshasa na Équateur wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu Kasai ni kama hapa."

"Inchi moja, saa mbili?"

"Kongo ni kubwa, muzee."

"Kubwa!" Melchior alisimama. "Kubwa hivyo, na ikakosa nafasi ya kupitisha mama mugonjwa!"

Alikwenda moja kwa moja kwa Kambere. Hakusalimu. "Vaa viatu. Tunaenda bariyeri."

Walifika watu wakiwa bado mashambani. Octave alishika kamba ya ule mti, akaanza kuushusha. Kambere, ambaye ni mchuuzi wa sabuni, kila juma Kasindi na Kasese ya Uganda, alitazama montre mkononi mwake.

"Kumi na mbili juste. Anafunga sawa, shemeji. Nilikuambia nini?"

"Inua kichwa. Liko wapi jua?"

Kambere aliinua kichwa. Akatazama montre tena. Ile montre alikuwa anaiacha na saa ya kule anakonunua, asikose gari la kurudi.

Melchior akamgeukia askari. "Mutoto yangu, kwenu ni wapi?"

"Mbandaka, papa. Équateur."

"Mama yako iko?"

"Iko."

"Sasa hivi kwake ni saa ngapi?"

Octave alihesabu, midomo ikicheza. Sauti ikashuka. "Ni saa kumi, papa."

"Saa kumi! Mama yako sasa anatoka mutoni na maji, na hapa kwetu ni kumi na moja. Basi kwa saa ya mama yako, muke wangu angebakiza saa mbili nzima za kupita. Kwa saa yetu, moja. Ulimufungia njia na saa ya nani?"

"Papa, miye nafuata montre ya chef."

"Huyo chef amezaliwa wapi?"

"Beni."

"Beni!" Melchior alitema mate chini. "Mutoto wa Beni! Jua lilimwangazia tangu alipokuwa mugongoni mwa mama yake, leo halimutoshi!"

Octave aliinamisha macho. Ule mti ulibaki mikononi mwake, haukushuka wala haukupanda. Wamama wawili wenye mizigo ya majani ya muhogo wakapita chini yake haraka, bila kuuliza.

Njiani wakirudi, Kambere alishika kifundo cha kurekebishia montre, airudishe nyuma. Melchior akamkamata mkono.

"Hiyo ingojee. Anza na maneno yako. Uliyasema mbele ya watu."

Pale kwenye moto wa kilio watu walikuwa bado wamekaa. Kambere alivua kofia.

"Shemeji hakuchelewa," alisema. "Alimufikisha dada yangu mapema. Miye ndiye nilitazama saa ya watu wengine."

Melchior alivuta mukeka wa Kavira, akaukunja, akaukalia. Kutwa nzima alikuwa hajakaa.