Nilisema Mpwa Wangu Amekwisha, Kumbe Alikuwa Anarefuka

Mwenzangu unayesoma, acha niseme kosa lenyewe kabla moyo haujanigeuka. Mimi ndiye niliyemtoa mtoto wa dada yangu kwenye timu. Mimi, si mwingine! Na mtoto huyo anaishi kwangu, ananipikia, ananiamkia kila asubuhi, na anaamini kwamba nilimpigania mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nina kibanda changu Igoma, natengeneza mageti na madirisha. Jioni nafundisha watoto mpira wa magongo, mchezo nilioupenda tangu nikiwa shule. Majirani hutucheka, wanasema tunakimbia na fimbo kama watu waliopotelewa na ng'ombe. Wacheke tu. Uwanja ule ndio uliokuwa furaha yangu.

Binti mwenyewe nimwite Nyangeta, ingawa si jina lake. Mama yake ni mdogo wangu, yuko kijijini upande wa Mara, anahangaika na dagaa na mihogo. Alimleta kwangu asome sekondari. Siku ya kwanza nilipompa gongo ashike, jamani, nilisahau hata kupuliza filimbi! Alikuwa mfupi, mwepesi, na mpira haukutaka kumwacha.

Timu moja kubwa ya Dar ilikuja kutazama mashindano, ikamchagua. Utaratibu wao ni kwamba mtoto haondoki siku hiyo. Anabaki kwa kocha wake akue, na wao wanapiga simu mara kwa mara kuuliza anaendeleaje. Mwaka ukiisha wanamchukua, shule na malazi juu yao. Dada yangu alipopata habari alilia kwenye simu mpaka salio likaisha.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Wale wa Dar sikuwaambia kwamba ni mpwa wangu. Niliogopa midomo ya wazazi wengine. Hapa kwetu wakishasema kocha anambeba mtoto wa dada yake, neno hilo halikutoki tena, hata ukihama mtaa. Basi nikaapa moyoni kwamba huyu nitamkazia kuliko wote, asije mtu akasema nampendelea. Na nilijiona mwenye haki kweli!

Miezi haikupita mingi, Nyangeta akaharibika. Ndivyo nilivyoona. Mpira ulimpita chini ya gongo. Alijikwaa mwenyewe uwanjani bila kuguswa. Nyumbani alivunja vikombe, kiwiko kinagonga hiki, goti linagonga kile. Sketi ya shule ilipanda juu ya magoti, mke wangu akaishusha pindo, ikapanda tena.

Niliyaona yote hayo kwa macho yangu, na sikuelewa chochote.

"Mjomba, magoti yananiuma," aliniambia siku moja.

"Hayo ni magoti ya uvivu," nikamjibu. "Tangu uchaguliwe umelewa sifa."

Siku nyingine akaja na lile gongo lake, gongo lilelile nililompa alipokuwa mfupi, maana tuna machache na kila mtoto ana lake. "Mjomba, hili limekuwa fupi kwangu. Nikiinama mgongo unawaka."

Unajua nilimjibu nini mbele ya wenzake? "Gongo halijapungua. Wewe ndiye umekuwa mzito wa kuinama." Watoto wakacheka. Na mimi nikacheka! Mtoto alikuwa ananipa jibu lote mkononi, mimi nikaligeuza mzaha.

Simu ya Dar ikaja. Yule kocha wao akauliza, "Vipi yule binti wetu?"

Ningeweza kusema anakua, mpeni muda. Ningeweza kusema sijui. Lakini nilitaka nionekane mtu wa kweli, kocha asiyeangalia sura ya mtu. Nikamwambia, "Kaka, mlikosea pale. Alichanua mapema, sasa amekwisha."

"Kwa hiyo tumwondoe?"

"Mimi nisingemweka."

Ndivyo nilivyosema! Wakachukua binti mwingine, na mimi nikarudi kuchomelea geti la watu.

Nyangeta nilimwambia kwamba Dar wamebadilisha mipango yao. Alilia jikoni, mke wangu akimshika mabega. Kisha akanawa uso, akaja kuniletea chai. "Asante, mjomba. Najua ulinitetea."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wangu, na hakuna aliyenishika koo. Nikanywa chai.

Baadaye wageni fulani wakatuletea magongo yaliyotumika, na ndani yake lilikuwemo moja refu. Nyangeta akalichukua bila kuniuliza, akaingia uwanjani. Mwili nao ulikuwa umeshatulia, magoti yameacha kuuma. Jamani! Ule mpira uliomkimbia ulirudi, na safari hii aliucheza amesimama wima, anaona uwanja mzima, anapiga pasi ambazo sijawahi kumfundisha mtu. Wazazi pembeni walipiga makofi. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi.

Nilipiga simu Dar siku hiyohiyo. Nikamwambia yule kocha kwamba nilikosea, mtoto amerudi, aje amwone. Akasema nafasi imejaa. Halafu akauliza kwa upole, "Mwalimu, yule binti ni nani kwako? Mbona leo unamlilia hivi?"

Nikanasa. Nikisema ni mpwa wangu, ataona undugu umenisukuma nimpigie, na maneno yangu hayatakuwa na uzito. Nikikana, namkana mtoto wa dada yangu. Nikajibu, "Ni mchezaji wangu tu." Kumbe nilishamkana toka siku ile ya kwanza.

Dada yangu naye hajui. Huko kijijini amesimama kanisani akashukuru mbele ya watu kwa ajili ya kaka yake aliyempigania mwanawe. Kila mara anatuma furushi la samaki wakavu kwenye basi la Musoma, nami nashuka pale stendi ya Igoma kulipokea. Mke wangu anawaunga kwa nazi, kila mtu anasifu. Mimi nasema tumbo limejaa.

Lakini bado sijakuambia baya kuliko yote.

Timu ya Dodoma ilisikia habari za Nyangeta, ikamtaka. Nao wanatoa shule. Ungedhani ningerukaruka kwa furaha! Ila najua timu hizi zinakutana kambini, na makocha wanazungumza. Nyangeta atamkuta yule kocha wa Dar. Yule bwana hana siri yoyote ya kunitunzia, atamwambia tu kwa wema, "Ni mwalimu wako aliyesema umekwisha." Nikaogopa. Nikamwambia mtoto, "Ngoja kwanza, Dar nawashughulikia."

Na yeye anangoja! Kila nikirudi kazini, kabla sijavua viatu: "Shikamoo mjomba. Hawajapiga?" Namjibu marahaba, bado. Wenzake wa darasa lake wameshapata pa kwenda, na yeye anakimbia peke yake uwanjani kila alfajiri, kwa sababu yangu. Nimemfungia ndani mtoto wa watu ili mimi nisiaibike, na mlango nimeufunga nikiwa ndani pamoja naye.

Wewe unayefundisha watoto, hata kama ni kwaya, usimhukumu mtoto anaporefuka. Mwili ukikua unamchanganya mwenyewe, hajui mikono yake inaishia wapi. Akikuambia kitu kimekuwa kifupi, kipime. Na kama ni damu yako, sema ni damu yako, kisha mwachie mwingine aseme anafaa au hafai. Haki ya kumuumiza wa kwako ili watu wakusifu si haki, ni woga tu. Na ukishakosea, sema siku ileile. Mimi nilinywa chai, na chai ile mpaka leo sijaimaliza.

Utauliza mbona simwambii uso kwa uso. Nimejaribu. Namwita, anakuja, anasimama mlangoni na urefu wake wote, anatabasamu, na mimi namtuma maji.

Ndiyo maana nimeandika hapa. Macho yangu yameharibiwa na mwanga wa kuchomelea, maandishi madogo siyaoni tena, kwa hiyo anayenisomea gazeti ni yeye. Ukurasa huu wa maungamo ndio anaoupenda. Anausoma kwa sauti nikiwa nakula, anawacheka watu, anawakaripia. Juzi alisema, "Huyu naye, mjomba! Si angemwambia tu mwenzake?"

Basi mwanangu, najua umeshajitambua tangu kwenye lile gongo. Acha kusoma kwa sauti. Usinitazame kwanza. Kocha wa Dodoma nilimwomba asikate tamaa, akasema atasubiri mpaka mwisho wa mwezi huu. Simu yangu iko hapo mezani karibu na sahani. Mpigie sasa hivi, umwambie unakuja, halafu ndipo uniulize mimi.